Ijumaa Imejaa

Fundi cherehani alikuwa mpole, na upole ndio uliomponza. Mteja akiingia na kitambaa, kabla hajakaa ameshaahidiwa kesho. Mtaa mzima ulimwita Kesho, naye akicheka pamoja nao. "Ndivyo nilivyoumbwa," alisema. "Siwezi kumwambia mtu hapana."

Kibanda chake kilijaa mifuko ya vitambaa: chini ya cherehani, juu ya kabati, hata kwenye kiti cha wateja. Aliyeshonewa kwanza ni yule aliyepiga kelele zaidi.

Dada yake, muuguzi, hakuwa mtu wa kelele. Alipokaribia kustaafu alimletea mdogo wake kitambaa cha zambarau miezi miwili mapema. Siku ya kuagwa ilipofika, gauni lilikuwa na mkono mmoja. Dada akalitazama, akalikunja, akaenda kuagwa na sare yake ya kazini iliyopauka. Wenzake wote walikuwa wamependeza. Fundi alikaa safu ya nyuma, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Wakirudi akaanza, "Dada, si unanijua nilivyo..."

"Nakujua tangu unatambaa. Hukuzaliwa na ahadi mdomoni. Hiyo kesho yako haina pa kukaa, ndiyo maana kila mtu unampa ile ile."

Maneno yale yalimkaa. Jumatatu akapigilia misumari sita ukutani, mmoja kwa kila siku ya kazi. Kila msumari nguo mbili, basi, ukijaa umejaa. Wiki ya kwanza alijidanganya mwenyewe: msumari wa Alhamisi ulibebeshwa nguo tano, ukang'oka na kipande cha plasta. Akaupigilia upya, akapunguza.

Ndipo akaja mwalimu wa shule ya jirani. "Nataka sketi Ijumaa."

Fundi akageukia ukuta. "Ijumaa imejaa, mwalimu. Nafasi ninayo Jumanne."

"Wewe? Umejaa?" Mwalimu akacheka, kisha akaona hatanii. Akabeba kitambaa chake akaenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Fundi akabaki amesimama, futi ya kupimia shingoni, kama mtu aliyemfukuza mgeni mlangoni. Ikiwa yeye si yule asiyekataa mtu, basi ni nani? Kwenye cherehani palikuwa na suruali ya kupinda. Akakaa akaipinda.

Alhamisi akaja mama muuza mboga, uso ameshaukunja tangu barabarani. Fundi akamshushia gauni lake, limeshapigwa pasi. Mama akaligeuza nje ndani akitafuta kasoro, asiione.

"Sasa nitalibebea wapi? Sikuja na mfuko. Nilikuja kukugombeza tu."

"Basi gombeza kidogo, mama, usiwe umekuja bure."

Wateja wengine walihama, na mwalimu hakurudi tena. Waliobaki walizoea kuuliza kwanza, "Una nafasi lini?"

Jumamosi moja, jua bado kali, akafunga kibanda. Fundi viatu, jirani yake, akashtuka. "Kuna msiba?"

"Hapana. Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Kazi."

Fundi viatu akamsogezea benchi. Akaketi. Mikono hakujua aifanyie nini, akaiweka magotini, akawa anatazama watu wakipita.