Kitasa cha Bi Tasneem

Bi Tasneem alitoka nje kumwaga takataka tu, upepo ukaubamiza mlango nyuma yake. Ufunguo umebaki ndani, naye amejifunga kanga kuukuu, uso mzima umepakwa liwa ya kulainisha ngozi. Saa tisa gari lingempitia kwenda Kikambala, kwenye harusi ya mpwa wake. Na hiyo ilikuwa saa nane kasorobo.

Jirani yake Widad alimpa simu na nambari ya fundi wa vitasa, Kahindi.

"Mia nane tu, mama," Kahindi alisema. "Nakuja sasa hivi."

Akaja kweli, na adabu zake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akachomeka kijichuma, akakipinda mara mbili, mlango ukafunguka kabla Bi Tasneem hajamaliza bismillahi. Kahindi akaomba maji ya kunywa. Aliingia, akautua mfuko wake wa vifaa kitini, akanywa, akatoka barazani kungoja ujira. Bi Tasneem akamfuata na mia nane mkononi.

"Ni elfu sita, mama."

"Elfu sita za nini?"

"Mia nane ni ya kuja. Kuna ya kufungua, kuna ya dharura, na kuna ya jua kali."

"Jua nimeliwasha mimi?"

Kahindi akanyanyua mabega. Bi Tasneem akapandwa na hasira. "Basi nirudishie mlango wangu ulivyokuwa! Umenikuta nimefungiwa nje, niache nimefungiwa nje."

Alidhani kijana atatahayari ashushe bei. Wapi! Kahindi alikishika kitasa, akauvuta mlango kwa nguvu zake zote. Pa!

Bi Tasneem akalikumbuka gauni lake la kwendea harusini, lililobaki ndani. Kahindi akaitazama mikono yake mitupu.

"Mfuko wangu," akasema kwa sauti ndogo.

Alijaribu kwa pini ya nywele ya Bi Tasneem, ikapinda kama mkia wa nge. Wakaketi barazani, huyu huku, huyu kule, kama mke na mume waliogombana. Mwishowe Kahindi, shingo upande, akampigia Kalama, fundi mwenziwe ambaye walikuwa hawapikiki naye chungu kimoja.

Kalama alianza kucheka tangu kona ya njia. "Elfu nne," akasema.

"Elfu nne!" Kahindi aliruka. "Kazi ya dakika moja?"

"Dharura, ndugu yangu. Na jua hili unaliona."

"Kwani nimeliwasha mimi?"

Bi Tasneem alishangaa kujikuta yuko upande wa Kahindi. "Mwambie, mwanangu! Usikubali!" Liwa ilikuwa ikimbanduka usoni kwa kicheko.

Walivutana mpaka mia nane, na Kalama akafungua. Bi Tasneem akampa Kahindi mia nane zake kama walivyopatana kwenye simu. Hazikumkalia mkononi, Kalama alizipokea hapo hapo. Kahindi akauchukua mfuko wake, akaenda zake bila kuaga.

Harusini Bi Tasneem alifika amechelewa, lakini alifika amependeza. Akawasimulia wanawake wenziwe, wakacheka hadi wanja ukawachuruzika. Mmoja wao, Jaha, ambaye kitasa chake nacho kilikuwa kibovu, akauliza: sasa kati ya hao wawili, amwite yupi?

"Waite wote wawili," Bi Tasneem akamwambia, "kisha wewe kaa pembeni unywe chai."