Mkwaju wa Kubebesha

"Kichwa chake ni kipi?" Kadii aliuliza.

Jimmy, mdogo wake, alikitazama kile kijiti cha mkwaju, akakigeuza huku na huku. Alikuwa ametoka nacho Vitengeni amekiviringisha kwenye kitambaa chenye maji, akakifikisha Kikambala kikiwa kibichi. Lakini mkono wa mchoma makaa una mazoea yake. Alikuwa amekipukusa majani yote na kukikata ncha zote mbili sawasawa, kama gogo la kupanga tanurini. Juu na chini havikujulikana tena, na kijiti kikichomekwa kichwa chini hakishiki.

Na kilikuwa hicho hicho kimoja. Wakati wa ukame Jimmy aliuangusha mkwaju uliotia kivuli kaburi la mama yao, akauchoma makaa, watoto wake wakala. Kadii aliapa hatamsemesha tena, na Kadii haapi kwa mchezo. Baadaye kisiki kikachipua, mbuzi wakala machipukizi yote wakasaza hili moja alilolikata. Ndipo Jimmy akapiga moyo konde, akaja.

Kadii hulea miti ya vyunguni kwenye kitalu cha hoteli. Jamani, yule dada ana mkono! Mkwaju wake hauzidi kimo cha debe, lakini shina limejaa na kukunjamana kama goti la mzee. Kwao husema ameuroga usikue, naye hucheka tu. Upande mmoja wa shina ulikuwa mtupu, bila tawi. Ndiyo maana wageni walipoutaka aliwajibu kwamba bado.

Akapitisha kidole gumba juu ya kijiti, polepole, akitafuta makovu ya majani. Jicho la chipukizi hukaa juu ya kovu, kamwe halikai chini yake. Akarudia tena. Jimmy alibana pumzi.

"Ni hiki," Kadii akasema.

Akakichonga mguu kama kabari, akalipasua gome upande ule mtupu, akakichomeka ubichi kwa ubichi. Kisha akamnyooshea ndugu yake ukanda wa plastiki.

"Funga wewe. Ukaze, usiminye. Hapa tunabebesha."

Ndivyo watu wa kitalu waitavyo kuunganisha kijiti na mti mwingine. Jimmy neno hilo alilijua kwa watoto na leso tu, basi akafunga vivyo hivyo, mzunguko juu ya mzunguko, kama anayemfunga mtoto mgongoni mwa mamake. Machozi yalimtoka. Kadii hakumwambia anyamaze.

Jimmy alirudi mvua zilipokwisha. Jicho lilikuwa limefumbuka, na jani moja limetoka. Hata hivyo Kadii alikataa kusema kwamba kimeshika. Kijiti, alimweleza, chaweza kuchipua kwa akiba yake chenyewe kisha kikanyauka. Wakaketi pamoja, wakiogopa kitu kimoja.

Jioni ikaingia. Mkwaju hulala jua likitua, na majani ya mti wa chunguni yakaanza kujikunja, tawi baada ya tawi. Jani la mkwaju wa mama likabaki wazi. Jimmy akainama, hataki kuona.

"Tazama," dada yake akamwambia.

Vijani vya jani hilo vilikuwa vikisogeleana, viwili viwili, hata vikakutana.

Upepo ulianza kuvuma. Kadii akakiinua chungu, akamwekea ndugu yake mikononi.

"Mtie ndani," akanong'ona. "Usimwamshe."