Usingizi wa Mchana

Kijiko kilikuwa kinakwaruza bati gizani. Kwanza taratibu, krr, krr, kikikanyaga kitu kigumu, halafu kwa kasi, kikizunguka ndani ya kikombe. Akili yangu ilikuwa imeshaamka, lakini kope zilikuwa zimegoma. Nilijua ni Baba Kidoti huko jikoni, anasaga dawa zangu.

"Mama Kidoti. Inuka unywe maziwa kabla hayajapoa."

Mume wangu ni mwokaji mikate. Hutoka nyumbani jua halijafikiria kuchomoza, na kabla hajatoka husaga vidonge vyangu vyote kwa mgongo wa kijiko, akavikoroga kwenye maziwa ya moto yenye sukari, akanisimamia mpaka nimalize. Alianza nilipotoka hospitali, shingo ikiwa na bandeji, nikitokwa na machozi kwa kumeza mate tu. Madaktari walikuwa wameniondolea tezi ya shingoni yote kwa sababu ya uvimbe ulionibana pumzi. Waliniambia tezi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitengeneza homoni inayouendesha mwili, na kuanzia hapo homoni nitaipata kwenye kidonge, kila siku, maisha yangu yote. Wakanipa na vidonge vikubwa vya kalsiamu, kwa kuwa upasuaji ulikuwa umeishusha kwenye damu. Huenda walinieleza pia namna ya kumeza. Nilikuwa bado nimelewa dawa ya usingizi, na mwenzangu alikuwa nje anambembeleza mtoto wetu, Kidoti.

Koo likapona, maziwa hayakukoma. "Dawa haiendi kwenye tumbo tupu," alikuwa akisema, "itakuunguza utumbo." Na mimi nikapenda kubembelezwa. Nani hapendi?

Nilikunywa, akanifunika, akashuka ngazi. Nyayo zake zilipopotea barabarani, hofu yangu ya kila asubuhi ikaingia mahali pake.

Nilikuwa nazidi kuwa mbaya. Mwanzoni nilijiambia ni uchovu wa kisu, utapita. Haukupita. Ngozi ilikauka ikawa kama gunia. Nywele zilibaki kwenye kitana. Watu wakijipepea, mimi natafuta sweta. Sauti ilikuwa nzito, na Kidoti akiniita, nachelewa kuelewa kwamba anayeitwa ni mimi. Halafu huo usingizi! Haukuwa wa kulala, ulikuwa wa kuvamiwa. Ulinikuta nimesimama, ulinikuta nimeshika sufuria. Nikaamini kwamba ule ugonjwa umerudi na kujificha mahali pengine, mahali ambapo kioo hakifiki. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu wifi yangu alikuwa amelala chumba cha mbele, na alikuwa amesafiri siku nzima kwa basi kwa jambo moja tu.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ana saluni katika mji mwingine, ana nyumba yenye ua, ana mkono mwepesi wa kutoa. Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemkatalia bila kutetemeka.

"Huo uso vipi, wifi?" aliniuliza tukinywa chai. "Umeumuka kama unga wa kaka yangu."

"Nimenenepa tu. Nakula vizuri."

"Unakula wapi! Jana nimekuona umeshika kijiko unakitazama, kama vile unasubiri kikwambie kitu."

Nikacheka, lakini kicheko kilitoka kwa kuchelewa, na akaliona hilo. Akasogeza kiti. Chini ya meza, Kidoti alikuwa anapanga vifungo vyangu mstari mmoja, akiviimbia. Alikuwa hajatimiza miaka minne.

"Nipe mtoto," wifi alisema, safari hii kwa upole. "Jumapili niondoke naye. Simchukui moja kwa moja, mimi si mwizi. Mpaka upate nguvu."

"Nguvu ninazo."

"Haya, umesema wewe."

Alipochukua kikapu kwenda sokoni, nilibaki nimeushika ukingo wa meza. Mtoto wa umri ule husahau upesi. Nilimwona kabisa, amekaa katikati ya vikaushio vya nywele, anamwita mtu mwingine mama, na mimi nimelala mbali huko, nimelala tu.

Kazi yangu ni kushona vifungo. Fundi cherehani mmoja huniletea mashati ya shule nyumbani, naweka vifungo, anakuja kuyachukua. Siku ile niliamua nishone nimesimama, nimeegemea ukuta, ili usingizi usinipate. Shati la kwanza nikamaliza. Shati la pili nikafika katikati. Nikasema nikae kidogo tu, nipumzishe miguu.

Nilichoamkia ni ukimya.

Shati lilikuwa mapajani. Sindano ilikuwa imeingia kwenye kidole gumba na kusimama humo, na wala sikuwa nimeisikia. Vifungo vilikuwa chini ya meza, mstari wake umenyooka. Mlango ulikuwa wazi.

"Kidoti?"

Nilichungulia chumba cha kulala, jikoni, nyuma ya pazia, hata chini ya kitanda ambako sanduku halimwachii paka nafasi ya kupita. Nikashuka ngazi kwa miguu isiyo yangu. Kila ngazi ilikuwa ndefu. Nilitaka kupiga kelele, lakini sauti ilitoka nzito na ndogo, kama inatokea ndani ya debe. Barabarani magari yalikuwa yamesimama, watu wamekusanyika, na lori la saruji limekaa upande upande. Nikatazama chini ya magurudumu yake. Mungu anajua nilivyotazama.

"Mama Kidoti! Huku!"

Alikuwa kinyozi, ng'ambo ya barabara. Kidoti alikuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu, amefungwa kitambaa shingoni, anajiangalia kwenye kioo.

"Mteja wangu huyu," kinyozi alisema. "Namwambia nywele hizi bado hazijafika hadhi ya mashine yangu, hataki kusikia." Halafu akaniinamia, sauti ikashuka. "Dada, lori lile limefunga breki miguuni pake. Utingo ameshuka analia. Mtoto ndiye aliyekuwa anamwuliza kwa nini analia."

Nilimkumbatia mwanangu mpaka akaanza kunisukuma.

"Nilikuita," aliniambia. "Nimekuvuta na mkono. Hukuamka."

Nilipogeuka, wifi alikuwa nyuma yangu na kikapu chake. Alikuwa amesikia yote. Alichukua mkono wa Kidoti, akatazama kushoto, akatazama kulia, akamvusha. Afadhali angenitukana.

Jioni Baba Kidoti alirudi, nyusi zikiwa na unga. Wifi alimweleza kwa maneno machache, bila kutia chumvi. Alisikiliza akiwa anaitazama sakafu, na jibu lake aliipa sakafu pia.

"Jumapili dada aende naye."

"Baba Kidoti!"

"Nifanyeje, mke wangu? Niambie wewe nifanyeje. Niache tanuri nije kukulinda usilale?"

"Kwanza nipelekeni hospitali," nilisema. "Kuna kitu ndani yangu kimeharibika, na nimekijua siku nyingi. Daktari akisema sifai kulea, mchukueni. Nguo zake nitazifunga mwenyewe."

Ndivyo tulivyokwenda, wote wanne. Walinitoa damu, tukasubiri kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, Kidoti akasinzia mapajani mwa shangazi yake. Tulipoitwa, niliingia na mume wangu tu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alisoma majibu, akanitazama, akayasoma tena. Kila aliporudia, niliona habari mbaya inajitengeneza.

"Kidonge cha homoni unakimeza?"

"Kila siku."

"Sikufokei. Watu husahau, wengine huchoka, wengine..."

"Daktari," mume wangu alimkatiza, "hajakosa hata siku moja. Namnywesha kwa mkono wangu huu."

"Basi kuna ajabu hapa. Damu hii ni ya mtu ambaye homoni karibu haimfikii kabisa. Nikiongeza dozi nisijue hii inapotelea wapi, siku ikianza kufika yote, moyo wake utakwenda mbio." Alisogeza bilauri mbele ya mume wangu. "Nionyeshe, baba. Fanya kama unavyofanya nyumbani."

Mume wangu alitoa dawa kwenye mfuko, akaomba kijiko. Aliifanya kazi yake vizuri, kama mtu anayepima hamira: kidonge kidogo ndani, vile vikubwa juu yake, mgongo wa kijiko, krr, krr, mpaka unga ukawa laini.

"Halafu?"

"Halafu maziwa ya moto, sukari kidogo."

"Zote kwa pamoja?"

"Zote. Asiteseke mara mbili."

Daktari alivua miwani. Mimi nilishika kovu langu shingoni. Sijui nilitaka kuzuia nini.

"Kalsiamu huishika homoni hiyo humo tumboni, haiiachii iingie kwenye damu," alisema polepole. "Na maziwa nayo yana kalsiamu. Yaani kidonge kinaingia mdomoni, kinatembea tumboni kama mgeni, kinatokea chooni. Mwili wenyewe hauambulii kitu." Akanigeukia. "Hujarudiwa na ugonjwa, mama. Una njaa ya homoni. Kidonge hiki kimeze kizima, peke yake, na maji matupu, ukiamka. Chai isubiri, saa nzima ikiwezekana. Hivi vikubwa viweke mchana na jioni, pamoja na chakula, mbali kabisa na hiki."

Nilipaswa kufurahi. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameirudisha mikono yake chini ya meza, kama mtoto aliyekutwa na kitu.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

Nilitaka kumwambia hapana, lakini maneno yangu yalichelewa kama kawaida yake, na daktari akaniwahi.

"Ni wewe uliyeamka kila alfajiri. Endelea kuamka. Badilisha kinywaji." Halafu akaongeza, na hilo ndilo nililolisikia kuliko yote: "Itachukua wiki kadhaa mpaka mwili uchangamke, ndipo tupime tena damu. Kwa sasa asiachwe na mtoto peke yake."

Nje, wifi alinyanyua uso. Ningeweza kumwachia mume wangu aseme. Nilikaa kiti cha jirani.

"Daktari amesema nisibaki peke yangu na Kidoti."

Wifi akamshika mtoto vizuri.

"Lakini hajasema Kidoti asibaki na mimi. Kaa na sisi, wifi. Naogopa." Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kulitoa mdomoni tangu siku ya kisu. "Naogopa akiondoka sitakuwa na sababu ya kupigana na huu usingizi."

"Na saluni yangu? Wale wasichana wangu wataunguza vichwa vya watu."

"Najua."

Alimtazama mtoto mapajani, mdomo wazi, mate yakilowesha gauni zuri la shangazi.

"Nitakaa mpaka hiyo damu ipimwe tena," alisema. "Ikikataa, naondoka naye, wifi, na usinililie."

"Sitakulilia," nilisema, na nilikuwa nadanganya.

Baada ya hapo alfajiri zetu zikawa kimya. Maji, kidonge, basi. Baba Kidoti alikaa ukingoni mwa kitanda hajui mikono aiweke wapi. Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika, na nikaanza kuogopa kwamba hata daktari amekosea. Siku moja moyo ulinidunda kwa nguvu, nikawa na hakika kwamba sasa nimezidishiwa, kumbe nilikuwa nimepanda ngazi bila kupumzika katikati. Wifi alinifuata kila mahali kama askari, akilalamikia mto, godoro na ugumu wa mkate wa kaka yake, mbele ya kaka yake. Mchana nikishona, alikaa mkabala nami. Siku sindano iliponichoma nikapiga ukelele, alitoka mbio jikoni na mwiko mkononi.

"Nini?"

"Imeniuma!" nilimwambia, nikacheka mpaka machozi. "Wifi, imeniuma!"

"Mwenye akili huchekea hilo?" alisema, lakini naye alikuwa anacheka.

Usiku wa kuamkia siku ya kutolewa damu, aliweka begi lake karibu na mlango.

"Kesho asubuhi mimi sipo," aliniambia. "Nipo, lakini sipo. Mtoto akiamka, sinyanyuki. Ya daktari atayajua daktari. Mimi nataka kuona kwa macho yangu."

Nilimeza kidonge changu, Baba Kidoti akaenda zake, na nikabaki kitandani gizani. Mapigo ya moyo niliyasikia masikioni. Nilijiambia nikae wima, kisha nikaona huko ni kudanganya, maana siku nyingine zote nitakuwa nimelala kama watu. Nikajilaza. Usingizi ukaja kweli, mzito, nikauona unavyokuja, na nikashikwa na hofu ile ile ya mlango ulio wazi. Niliukunja mkono kifuani. Sijui nililala kwa muda gani.

Kitanda kidogo kililia upande wa pili wa pazia.

Nikafumbua macho. Yalifumbuka yenyewe, bila kuburuzwa. Nikasikia mguu mmoja ukigusa sakafu, kisha wa pili, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshakaa, miguu yangu nayo chini, baridi ya saruji ikipanda nyayoni. Chumba cha mbele hakuna aliyejigeuza; wifi alikuwa amezuia pumzi zake.

Pazia lilisogea. Kidoti alisimama pale na nywele zake za kila upande, akanikuta namtazama, akashangaa kidogo. Akasema kwa sauti:

"Mama, nimeamka."