Mikono Iliyobaki Kazini

Jumatatu asubuhi Adero aliingia kituo cha data kilicho nyuma ya soko la Otonglo, akavaa glavu yenye nyaya, akachomoa diski mbovu kutoka kwenye seva. Nyuma yake roboti ilisimama juu ya magurudumu, mikono yake ya chuma imekunjwa, jicho la kamera likifuata vidole vyake. Akairudisha diski, akaichomoa tena. Feni zilinguruma.

"Polepole, Mama Winny," alisema Mukhwana, msimamizi wake. "Iache ione vile unavuta."

Kufikia mchana roboti ilikuwa imejua kuchomoa diski. Jioni, nyumbani Migosi, Adero alishindwa kufungua droo ya vijiko. Vidole vilishika vizuri, lakini habari ya kuvuta ilikuwa imevitoka. Alimwita binti yake Winny, akamfungulia, wakala.

Hakushangaa. Fundi mwenzake, Odongo, alikuwa ameifundisha roboti kukaza skrubu kabla ya Pasaka, na tangu hapo mkewe ndiye aliyemzungushia ufunguo mlangoni. Mukhwana mwenyewe alitangulia kuvaa ile glavu. Vifungo vya shati lake alifungiwa na mkewe kila asubuhi. Ilikuwa sehemu ya kazi, kama vile akina mama wanaokaanga samaki kando ya ziwa wanavyorudi nyumbani wakinuka mafuta.

"Inarudi, bosi?" Adero alimuuliza kesho yake.

"Bado haijamrudia mtu."

"Na wiki ijayo tunaifundisha nini?"

"Zile waya nyembamba. Kuzishika bila kuvunja, kuzipitisha, kuzipanga. Hiyo inataka vidole kama vyako."

Adero alijua ni nini kitakachokwenda na hizo waya. Akaomba apewe kazi ya kufagia. Mukhwana alipeleka ombi kwa wakubwa na kurudi na jibu: kufagia nako kulikuwa na roboti yake. Asiyetaka kufundisha angeweza kukaa nyumbani. Adero alimlea Winny peke yake, na nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kutoka kwenda kutafuta riziki.

Jumapili, baada ya kanisa, alimketisha mtoto kati ya magoti yake akamsuka matuta membamba. Alipotaka kichwa kigeuke, alimgonga begani kwa kidole. Akafumua yaliyokuwa sawa, akayasuka tena.

"Mama, umemaliza?"

"Bado kidogo."

Wiki ile ikaisha, na vidole vya Adero havikujua tena kusuka. Matuta yalipochakaa, jirani aliyafumua. Adero alizishika nywele za mwanawe kama mtu aliyeshika nyasi, kisha akaziachia.

Halafu roboti ikaanza kusuka. Alasiri, saa ambayo Adero alizoea kutoka kazini, iliacha seva, ikaenda nyuma ya makabati na kuzisuka nyaya matuta yaliyonyooka, yakashuka mpaka sakafuni. Mukhwana alipoyaona aliagiza yafumuliwe. Mafundi wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amebakiwa na vidole vya kufumua. Seva zilikuwa zinafanya kazi, kwa hiyo matuta yakaachwa.

Jumapili iliyofuata Adero alimpeleka Winny kwenye mlango wa kupakulia mizigo. Mukhwana akausukuma kwa kiwiko. Roboti ilikuja, ikajishusha, na mtoto akaketi mbele yake. Vidole vile vilikuwa baridi na vilijua kila kitu: wapi nywele ni laini, wapi huuma karibu na sikio. Ikamgonga begani. Akageuka.

"Ni wewe, Mama," alisema Winny, macho amefumba.

Adero alikuwa amesimama kando, mikono imening'inia. "Tulia, isikuumize," alisema.

Wakawa wanakuja kila Jumapili. Wakati huo malori yalikuwa yakitoka kituoni na roboti nyingine zilizojifunza kutoka kwa ile ya kwanza, zikipelekwa miji ambayo Adero hakuijua. Huko nako, jioni ilipokaribia, ziliacha kazi, zikainua mikono, zikasuka hewa. Walionunua wakalalamika.

"Wanazirekebisha zote wiki ijayo," Mukhwana alimwambia. "Ya kuvuta na ya waya itabaki. Hiyo ya nywele inatolewa."

"Ikitolewa huko, itarudi kwangu?"

Mukhwana alifikiri kwanza, maana hakuwa mtu wa kudanganya. "Hapana, dadangu. Inafutwa tu."

Jumapili ile roboti ilisuka matuta madogo kabisa, ikayakaza mpaka nyusi za mtoto zikapanda. Ilipomaliza haikuondoa mkono. Uliendelea kulala juu ya kichwa cha Winny hadi mlinzi alipokuja kufunga.

Walipokuja tena, Winny aliketi mahali pake. Roboti ikamwelekezea kamera, haikumpata kwenye orodha yake ya vifaa vya kituo, ikamzunguka na kwenda kuchomoa diski. Mtoto akaita. Mlango ukajifunga taratibu, usije ukambana mguu.

Mwisho wa mwezi Adero, Odongo na Mukhwana waliandaliwa soda na keki, wakashukuriwa kwa mchango wao. Hakuna miongoni mwao aliyeweza kutumia kisu, basi roboti ikaikata keki, vipande sawasawa.

Muhula mpya ulipoanza Adero alimsindikiza Winny shuleni. Mwalimu Nabututu alikuwa mlangoni mwa darasa, amechuchumaa. Watoto wa mafundi walikuwa wamepanga foleni mbele yake, mashati wazi, kamba za viatu zikiburuta. Aliwafungia mmoja baada ya mwingine, haraka, bila kuangalia.

"Una mikono mizuri, Mwalimu," Adero alimwambia.

"Hata kituoni waliniambia hivyo. Naanza wiki ijayo."

Adero akamweleza yote, kuanzia droo mpaka nywele.

"Najua, Mama Winny," alisema Mwalimu Nabututu. "Lete mguu huo mwingine, Winny."

Winny akautoa mguu.