Esaiga ya Ochoki

Nyakerario aliambiwa avue viatu vyake vya mpira kabla ya kukanyaga baraza ya hoteli ya kilimani, kwa kuwa mbao zilikuwa zimepakwa mafuta jana. Akavivua, akaviweka kando ya ngazi, akasimama pekupeku juu ya mbao alizozijua vizuri. Mwanawe Ochoki ndiye aliyezipiga randa. Alikuwa akirudi nyumbani jioni na maranda nyweleni, naye mama akimkung'uta huku akimcheka. Sasa Ochoki alikuwa mochari mjini, na kesho angeletwa nyumbani.

Taabu ni kwamba huko nyumbani hakuwa na nyumba.

Alikuwa nayo zamani. Esaiga, kibanda cha kijana aliyekwisha kutahiriwa, cha udongo na mabati, ilisimama pale pale kilimani juu ya shamba la majani chai. Kisha akaja tajiri kutoka Nairobi, akapapenda. Onsongo, kaka wa marehemu mumewe, ambaye hati ya shamba lote ina jina lake, akakodisha kilima bila kumuuliza mtu. Vikajengwa vijumba vya mbao vya wageni wanaotaka kupumzika shambani bila kuharibu mazingira: umeme wa jua, choo kisichotumia maji, hata vikombe vya mianzi. Juu ya lango wakachonga maneno, Mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji akaambiwa esaiga yake inaharibu mandhari. Abomoe, atapewa mbao ajenge nyingine kule chini.

Akabomoa, mbao hazikuja. Akawa analala kwenye stoo ya vifaa. Na Nyakerario mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Bomoa tu, mwanangu. Watu wakubwa kama hawa hawawezi kukudanganya kwa sababu ya mbao." Maneno hayo yalimchoma tangu Jumatatu, siku kijana alipoharakishwa kupanda paa linaloteleza kwa mvua, eti wageni wako njiani, akaanguka.

Maureen, meneja, akatoka akiwa na funguo mkononi.

"Pole sana, mama. Sukari na mchele ya kampuni ilifika?"

"Ilifika." Nyakerario akaendelea kwa Ekegusii, lakini Maureen akamkatiza kwa upole.

"Tuongee Kiswahili, mama. Ndiyo sheria ya hapa."

Binti wa Birongo huyo, Mgusii mwenzake! Kwao Kiswahili ni cha shuleni. Nyakerario akayatafuta maneno ya sokoni na kanisani.

"Kesho naleta Ochoki. Mwanaume mzima hawezi kutoka mochari alale kwa nyumba ya mama yake. Yake mlibomoa. Naomba hii moja. Usiku mmoja tu."

"Zote zimebukiwa, mama."

"Hata ile alianguka?"

"Hiyo ndiyo ilibukiwa ya kwanza. Inaangalia bonde."

"Mimi siombi kulala. Naomba yeye alale. Ni yeye alijenga."

Maureen akainamisha macho. "Mila naijua, mama. Hata mjomba wangu alijengewa hivyo hivyo. Lakini mgeni akisikia maiti ililala kwa hiyo nyumba, nani atarudi? Bosi atanifuta." Akazungusha funguo kidogo. "Chukua yale mabanzi ya mbao yamebaki huko nyuma. Tulikuwa tunachoma kuni."

Nyakerario alipokuwa akivaa viatu, Maureen akamwita tena.

"Na mama, uambie watu wasilie kwa sauti sana. Wageni wanakuja kutafuta utulivu."

Wanaume wa ukoo walijenga siku hiyo hiyo, kando ya shamba la migomba chini ya ua wa hoteli. Mzee wa kanisa alisema aliyelala katika Bwana hahitaji nyumba, kisha akavua koti akashika nyundo. Mabanzi yalikuwa na magome yake bado, hakukuwa na muda wa kuyabandua. Mabati hayakuwepo, wakaezeka nyasi. Mlango waliukata mpana sana, jeneza liweze kuingia na wabebaji wake huku na huku.

Ochoki akalala humo usiku mmoja, mama yake sakafuni ubavuni pake. Ijumaa wakamzika mbele ya mlango, mapema, kwa kuwa Sabato ingeingia jioni. Mchana wageni wakafika.

Wiki iliyofuata Onsongo alishuka kilimani pamoja na Maureen. Alimkuta Nyakerario akifagia mbele ya kibanda. Hakukaa.

"Shemeji, kijana hakuacha bibi wala mtoto. Hii nyumba itabaki ya nani?"

"Ya Ochoki."

"Ochoki tumezika. Na shamba unajua ni la nani."

Maureen akaingilia. "Mama, wageni wameipiga picha sana. Bosi ameona, ameipenda. Anasema asili kama hii ndiyo watu wanatafuta. Wewe utakuwa unasiriba sakafu na samadi kila wiki, utalipwa. Ni kazi nzuri, mama."

Nyakerario akaegemea ufagio.

"Maiti ililala humo. Ulisema hakuna mgeni atarudi."

"Hatutawaambia."

"Na kaburi?"

"Tutapanda maua juu. Itakuwa kama bustani."

Alimtazama shemeji yake, akingoja aseme lolote, kwani hata mtu wa kukodisha kilima ana baba aliyezikwa mahali. Onsongo alikuwa akitazama juu, kwa vijana wawili waliokuwa wakishuka na kitanda kipana cha watu wawili, kazi ya mikono ya Ochoki. Kule juu vitanda vile vililazimika kufunguliwa vipande vipande ndipo viingie. Vijana wakasimama mlangoni, wakapima kwa macho.

"Shemeji, wapishe," Onsongo akasema.

Nyakerario alikuwa amesimama katikati ya mlango na hakujua amefikaje pale. Onsongo akamshika kiwiko, akamsogeza kando, hadi ukingo wa kaburi. Kitanda kikaingia na wabebaji wake huku na huku, bila kugusa popote.