Nyota Nne Juu ya Tangi la Jirani

Mwezi wa tano, jioni ya kuamkia safari ya kitindamimba wangu, aliyekuwa anakwenda kazi ya uuguzi kaskazini ya mbali, tulisimama mlangoni pa duka langu la ushonaji tukachagua nyota. Zilikuwa nne, zimejipanga msalaba, juu ya tangi la maji la jirani. Tukapatana kuzitazama kila jioni, yeye kwake, mimi kwangu. Mtoto alikuwa analia, na mimi kubembeleza sijui, basi nikampa nyota.

Kila akipiga simu namuuliza, "Umeziona?"

"Nimeziona, mama. Na wewe?"

"Nimeziona."

Ila mwezi wa nane zilianza kulala ubavu, zikateremka nyuma ya tangi, na wa tisa hazikuonekana tena. Nilitazama mpaka shingo ikaniuma. Sikumwambia. Yeye alikuwa bado anaziona, nami sikutaka kumvunja moyo.

Mwezi wa kumi na moja alikuja mwalimu wa jiografia kupunguziwa suruali kiuno. Nikamuuliza nyota zangu zimekwenda wapi. Akachukua kimto changu cha pini, akakizungusha taratibu kandokando ya taa ya cherehani.

"Taa ndiyo jua, kimto ndiyo dunia. Tukifika upande huu, nyota zako zinapita mchana, jua linazifunika. Mwakani mwezi wa nne zitakurudia jioni. Kwani unazitakia nini, fundi?"

Nikamweleza. Akachomeka pini moja ubavuni mwa kimto na nyingine karibu na utosi.

"Ya ubavuni ni wewe. Ya juu ni mtoto. Nyota zile ziko huku chini, kwenye miguu ya meza. Yeye tumbo la dunia limemkinga asizione. Kule hazichomozi, msimu wowote ule."

Suruali yake niliishona kwa hasira mpaka sindano ikakatika. Miezi sita mtoto ananidanganya hata bila kukohoa. Njia ya mwongo ni fupi, nikasema, leo atanitambua.

Jua lilipozama simu ikalia.

"Umeziona?" nikauliza, namtega.

"Nimeziona, mama. Na wewe?"

"Nime..." Nyani haoni kundule. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. "Sijaziona, mwanangu. Tangu mwezi wa tisa."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Mimi sijawahi kuziona, mama. Hata siku moja. Mwezi wa sita huku saa nne usiku bado kweupe, nami nakwambia zinawaka. Niliogopa ukijua huku hazipo, utaona nimekupotea kabisa."

Hasira ikaniisha. Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nikajionea.

"Sasa hivi unaona nini huko?"

"Mashariki kuna kikundi kidogo, nyota sita saba hivi, kama vifungo vilivyomwagika."

"Hicho ni kilimia. Msimu huu hata kwetu kinatoka."

Nikatoka nje na simu sikioni. Upande wa mashariki kuna ukuta.

"Umekiona, mama?"

Juzi tu ningemjibu nimekiona, yakaisha.

"Bado. Ukuta umeniziba. Ngoja nilete kiti nipande."

"Polepole, usianguke," akasema. "Nangoja."