Kitambulisho cha Induben

...na si kwamba hajui la kusema, Pravin analijua tangu alipoketishwa kwenye benchi la kizuizi hiki cha uhamiaji, barabara ya Matombo, chungu cha shaba mapajani, amekishika kwa mikono miwili kwa sababu majivu ya mtu hayawekwi chini mpaka yafike majini, ni swali moja fupi, je, nimekamatwa au niko huru kwenda, alisoma sheria Mlimani kabla hajarudi kuuza misumari na mabati dukani kwa baba yake, Winfrida, afisa wa zamu hapa, ana haki ya kumsimamisha na kumuuliza, lakini akitaka kumshikilia lazima awe na sababu na aitaje, hawezi kumshikilia kwa vile tu bosi wake hapokei simu... "Mzee wangu, nivumilie," anasema Winfrida, binti mwenye adabu, alianza na shikamoo, "sawa, huyu kwenye kadi ni marehemu mkeo, pole sana, lakini kitambulisho chako wewe sijakiona," na Twalibu, muuza ndizi wa Kinole aliyezuiwa naye, anadakia, "Afande, mimi Mluguru mzima unaniuliza uraia, ndizi hizi unadhani zimetoka Burundi?"... kadi zao mbili, yake na ya mkewe Indu, zilikaa pamoja tangu alipofuata cheti cha kifo, asubuhi akachomoa moja bila kuangalia, na Indu angecheka mpaka ashike mbavu, angesema ona, hata nikifa huwezi kutoka nyumbani bila mimi... Ritesh amepiga simu kutoka mtoni, anakosubiri na kuhani, Papa, panditi anasema jua likizama hatufanyi leo, naye akamjibu mwanawe nakuja, nakuja, kama mtu anayefunga kamba za viatu... "Mzee, si umesoma wewe? Sema nao basi, ndizi zinaniivia hapa," Twalibu anamnong'oneza, na kweli, swali lile lingewatoa wote wawili, Pravin anafungua mdomo, mdomo unakataa, woga, anajiambia, ule wa baba wa kumchekea kila mwenye sare, lakini si woga, angeujua, umekaa naye miaka yote... ni kwamba mtoni si mbali, watakishika chungu yeye na Ritesh, watakiinamisha, kisha atarudi nyumbani Mwembesongo na mikono asiyojua aiweke wapi, ilhali hapa benchini Indu ana uzito, shaba imepata joto la jua, mtu akipita angedhani wawili wanasubiri gari... sheria imemwekea Winfrida kikomo cha muda, huenda kimeshapita, na anayemsaidia kukipita ni yeye Pravin, kwa kukaa kimya, na Twalibu wa watu analipia kimya hicho kwa ndizi zake, hilo nalo analiona, halimpendezi, na bado... Winfrida anabonyeza tena namba ileile, simu inaita, Twalibu anatega sikio, na Pravin anakaza mikono kwenye chungu na kuomba, bila sauti, isipokelewe.